Version mpya ya tool yetu ya cloud iliua app yangu siku ya Ijumaa, mama muuza samaki ndiye aliyeona kosa

Wakuu, salaam nyingi kutoka Mocímboa da Praia.

Haya yamenitokea mwenyewe. Mhusika mkuu yuko hapa pembeni yangu anapara samaki changu, kwa hiyo nikitia chumvi nitasutwa papo hapo.

Kwanza mnijue. Mimi ni programador, yaani mwandishi wa programu za kompyuta, wa kujifundisha mwenyewe, na laptop yangu ina bawaba moja tu. Miaka ile ya vita tulipokimbilia Pemba, ule mji wa kusini mwetu na siyo kisiwa, mama aliacha masufuria yake yote nyumbani. Laptop hii aliifunga ndani ya kanga, akaibeba kifuani njia nzima.

Nampenda sana huyu mwanamke, na sioni aibu kuliandika hapa.

Sasa tumerudi. Mama anauza samaki bandarini pamoja na wenzake kumi na mmoja. Nikawatengenezea app: majiko ya kambi za wafanyakazi wa gesi kule Afungi yanaweka encomenda, yaani oda, na akina mama wanaikubali kwa kubonyeza kitufe cha kijani. Mama alidai kiwe cha kijani. Nilikuwa nimeweka bluu inayong'aa kama mapambo ya harusi, akaniuliza kama naoa au nauza samaki.

App yenyewe inakaa cloud, na kuna tool inayoisimamia. Inaiweka hewani, inaongeza nakala watu wakiwa wengi, inaifufua ikianguka. Mimi huwa naiona kama nyapara.

Wiki hiyo nyapara alikuja na version mpya. Nikasoma maelezo yake huku mate yananitoka.

Jambo la kwanza: app ikikosa watu kwa muda, tool inailaza, halafu inaiamsha mtu akiifungua.

La pili: tool inapiga hodi kwenye app kila baada ya sekunde tano. Ikipiga mara tatu bila kuitikiwa, inahesabu app imekufa, inaiondoa na kuanzisha nyingine.

Kulikuwa na la tatu pia, maelezo marefu kweli. Nikalipita, nikawasha yale mawili bila kuizima app, nikaenda kula.

Alhamisi mambo yalikwenda safi, kwa sababu akina mama wanachungulia app kutwa nzima, hata usiku wakingoja boti za wavuvi. Haikupata hata nafasi ya kusinzia.

Ikaja Ijumaa.

Ijumaa mchana bandari yetu inanyamaza bila mtu kutangaza chochote. Wanaume msikitini, akina mama majumbani, simu zimezimwa. Nimezaliwa nimeikuta hivyo, ndiyo maana hata sikuifikiria. Tool ikaona kimya, ikailaza app.

Na siku hiyo hiyo mama alikuwa amepata oda yake kubwa ya kwanza tangu turudi. Jiko moja la Afungi lilitaka nguru wa kila wiki, kwa sharti akubali kabla ya saa nane. Ikipita hapo, wanachukua muuzaji mwingine. Kumpigia mpishi haiwezekani, simu zao wanaziacha getini. Kule jikoni kuna kompyuta tu.

Natoka msikitini saa saba na nusu, nawasha simu, nakuta mama amepiga mara sita.

Nilifika nyumbani mbio. Alikuwa amekaa juu ya boksi la barafu, samaki wamo ndani, simu mkononi, anabonyeza na kubonyeza.

Nikafungua laptop. App inaanza, inakufa. Inaanza, inakufa. Nikabonyeza rollback. Code ikarudi ya zamani, lakini mipangilio ikabaki ileile mpya, na app ikaendelea kufa. Saa nane kasoro ishirini.

Nikamwambia ile tool mpya ndiyo inayoisumbua app. Mama akauliza, "Sasa hiyo mashine inamfanyaje mwenzake?"

"Inampigia hodi, mama. Ikipiga tatu hajaitika, inamuua na kuweka mwingine."

"Inamuua?" Akashika kiuno. "Kakulia wapi huyo? Mie nikipigiwa hodi nimelala, si naamka kwanza, najitanda kanga, ndo naitika? Na ukipiga hodi tatu hujaitikwa unaenda zako, huvunji mlango! Mwambie ampe mwenzake nafasi ajitande."

Nikaanza kuhesabu sekunde.

App yangu ikiamka inapakia oda zote na picha za samaki. Inachukua kama sekunde arobaini. Tool inaiua kwenye ya kumi na tano. Haikuwa mbovu hata kidogo, ilikuwa bado inavaa.

Nikarudi kwenye lile jambo la tatu nililolipita. Ndilo hilo hilo: muda wa kuanza. Unaiambia tool isihesabu hodi zake mpaka app iamke vizuri. Nikaandika sekunde tisini, nikatuma, nikamshika mama mkono.

Saa nane kasoro dakika saba ikafunguka. Mama akabonyeza kijani kwa kidole chenye magamba ya samaki. Baada ya muda jiko likajibu: "Recebido, mamã." Imepokelewa.

Mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akanigeukia: "Na wewe siku nyingine usome yote."

Basi somo langu ndilo hilo, someni yote. Na kabla hujaiachia tool iamue nani amelala na nani amekufa, ifundishe kwanza watu wako wanaishije.

Najua kuna mtu ataniambia niache nakala moja iwe macho muda wote. Naweza, ni kubadili namba moja tu. Lakini kila Ijumaa baada ya swala akina mama wanafungua simu, app inachelewa, wanaanza kunung'unika, na mama anawanyamazisha: "Mwacheni, anajitanda."

Siibadilishi ng'o.

Nyie mliowasha version hii, ya kwenu mmeipa sekunde ngapi? Semeni, nitamsomea mama.