Otilia Aliyejua Saa za Arica

Kwa miaka ishirini na saba niliketi meza ya pili kutoka kwa Otilia Barría, tukiuza tiketi za ndege hapa Punta Arenas, kusini kabisa mwa nchi yetu. Mteja akitaja Arica, kule mwisho wa kaskazini, Otilia hakugusa kompyuta. "Kilomita elfu tatu mia tisa kasoro kidogo. Ndege mbili, saa sita angani, kungoja Santiago saa tatu. Jumla tisa."

"Mama wee, umeimeza ratiba!" wateja walimtania.

Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda. Kaka yake, Hernán, aliishi huko tangu alipomaliza jeshi. Mama yao alipofariki, Hernán hakuonekana mazikoni. Otilia akaapa mbele ya ndugu zake kwamba hana tena kaka, nao wakamfuata. Miaka kumi na tisa ikapita hivyo.

Mwezi wa nane mke wa Hernán alipiga simu ofisini. "Wifi, njoo. Figo zimegoma. Anakutaja wewe tu."

Otilia aliweka simu chini, akakaa. Kisha akaniambia, "Rosendo, nikatie ya Arica."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda. Kurudi nitajua nikishamwona."

Upepo ulifunga uwanja wa ndege siku nzima. Alingoja na koti lake mwilini, hata chai hakutaka. Alipofika, Hernán alikuwa hai bado. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe.

"Umechelewa, mdogo wangu," Hernán alisema.

"Upepo."

"Mimi ulikuwa ukungu."

"Ukungu gani?"

"Siku ya kumzika mama. Nilifika Santiago, ndege ikakwama hadi jioni. Nikapiga simu nyumbani, jirani akanijibu kwamba mmeshazika. Nikaona haya, Otilia. Nikarudi Arica."

Otilia alishika chuma cha kitanda. "Kasisi aliuliza kama tukungoje. Mimi nikatazama saa yangu, nikapiga hesabu. Nikamwambia, kama angeondoka, angeshafika. Tukazika."

"Hesabu ulikuwa hodari tangu shule," Hernán akasema. "Haya, nisogezee huo mto, mgongo unaniuma."

Aliishi siku kumi na moja. Otilia alimwogesha, akamlisha supu kwa kijiko, akamzika katika ardhi ile kavu isiyojua mvua, akabaki na wifi yake mpaka sala za siku tisa zikaisha.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, aliwaita ndugu zake wanne, nami akanialika. Nyama ikiwa mezani, alisimama.

"Hernán alisafiri kuja kumzika mama. Aliyemfungia mlango ni mimi, tena kwa hesabu zangu."

Nélida, kitinda mimba wao, alisukuma sahani, akachukua koti lake, akatoka. Nilitaka kumfuata.

"Mwache," Otilia alisema. "Ana haki."

Nélida hakumsemesha mpaka Krismasi. Otilia hakulalamika hata mara moja.