Mfagiaji Anayelinda Mlango wa Vijana

Saa nane mchana, Alhamisi, Mwanabibi Boga anaweka kigoda nje ya mlango wa nyuma wa zahanati moja huko Shika Adabu, Likoni, kisha anakikalia.

"Mwenye kutaka kujua kijana amefuata nini, aniulize mimi," anasema. "Nami sijibu."

Mwanabibi, mwenye umri wa miaka 52, ni mfagiaji hapa kwa mwaka wa kumi na tisa. Wanaompinga hawachoki kumkumbusha kwamba yeye si daktari.

Kinachowazuia vijana kuja kutibiwa, anasema, ni maamkizi. Akipita mlango wa mbele, kijana hana budi kuamkia benchi zima la wanaosubiri. Kila mtu mzima akiitikia marahaba huongeza lake: umefuata nini, mwanangu? Kunyamaza ni utovu wa adabu, na akijibu, habari itamtangulia nyumbani. Wengi hurudi na maradhi yao.

Mwanabibi naye alikuwa muulizaji hodari. Mwaka juzi alimuuliza binti wa miaka kumi na sita mbele ya shangazi yake. Binti akadai anamtafuta paka, akaenda zake. Baada ya wiki saba aliletwa kwa tuktuk, hawezi kusimama, tumbo limejaa usaha. Alipona kwa kupasuliwa.

"Wallahi, swali lile lilikuwa langu," anasema, na machozi yanamtoka.

Ndipo alipomsihi muuguzi Caroline Kadenge awahudumie vijana Alhamisi mchana, katika stoo ya mafagio ya mlango wa nyuma, aliyoisafisha mwenyewe. Mwezi wa kwanza wa huduma hiyo walikuja watatu. Mwezi uliopita walikuwa 41, wengine wakitembea saa mbili kutoka mashambani.

Sasa kamati ya zahanati imeamua: mlango ufungwe kufikia Jumatatu, au mfagiaji aachishwe kazi.

"Unawafundisha watoto kuficha mambo," anasema mjumbe Rashid Nguma.

"Kaka Rashid, wamekuwa wakificha tangu zamani," anamjibu Mwanabibi. "Tofauti ni kwamba sasa wanaficha na dawa wamekunywa."

Jumatatu atafika kazini kama kawaida, na mlango atauacha wazi. Je, wakimfukuza?

Anacheka. Mwezi ujao wakazi watachagua wajumbe wapya wa kamati, na wafanyakazi wa zahanati hawaruhusiwi kugombea.

"Nawaombea wanifukuze mapema," anasema, "nipate kuchukua fomu."