Fundo la Concessa

Concessa hakutupa kitu bila kukifunga. Hata magazeti aliyatia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo mara mbili na kupitisha mkia chini, ndipo akashuka nao chumba cha taka. Mazoea hayo aliyatoa kambini Kasulu, alikokimbilia kutoka Burundi. Huko jirani akiona mifupa kwenye taka zako anajua umepata nyama, na usiku unapata wageni usiowaalika.

Mwaka 2010 serikali ya Uswidi ilileta familia ya Waafghani kutoka Irani, na manispaa ikawapa nyumba kwenye jengo letu la Jakobsberg, mlango unaotazamana na wa Concessa. Mkataba wao wa nyumba ulikuwa wa majaribio. Wakilalamikiwa, wanatolewa. Baba wa familia, Sakhidad, alikuwa mtu wa kusimama dirishani. Concessa akishuka na taka, naye anashuka.

"Kaka, huyu mtu ananipeleleza," Concessa aliniambia. Mimi nakaa ghorofa ya chini yake.

"Apeleleze nini? Maganda ya viazi?"

"Cheka tu. Jana nimemkuta ameshika mfuko wangu, anaugeuzageuza. Aliponiona akautupa kama umemuunguza."

Sikucheka tena. Nilipokutana na Sakhidad kwenye ngazi nilijibu salamu yake nusu nusu.

Februari msimamizi wa jengo alituita chumba cha taka, Sakhidad pia. Pipa la karatasi lilikuwa limejaa mifuko ya plastiki iliyofungwa, jambo lisiloruhusiwa, na wazoa taka walikuwa wamekataa kulibeba.

"Ni hawa wapya," alisema. "Nataka jirani mmoja tu aliyewaona wakitupa. Leo hii naandikia manispaa."

Alimtazama Concessa. Sakhidad naye alimtazama.

Concessa aliinama juu ya ile mifuko. Baadhi ya mafundo yalikuwa yamelegea, mikia inaning'inia. Mengine yalikuwa yamekazwa, mkia umepita chini. Fundo hilo nalijua, ndilo analofungia maharage anayoniletea kila Krismasi.

"Mimi nafuata mama huyu," Sakhidad alisema kwa Kiswidi cha polepole. "Amekaa miaka mingi, hajafukuzwa. Anavyofunga, nafunga."

"Basi amekiri," alisema msimamizi.

"Amekiri nini?" Concessa aliokota mfuko. "Huu wangu. Huu wangu. Ule uliofungwa vibaya ndio wake. Ukiandika, anza na jina langu."

Akafungua fundo, akamwaga magazeti pipani. Sakhidad akafungua la kwake. Msimamizi akatuambia tumalize yote na tufagie. Barua haikuandikwa.

Tukipanda ngazi, Concessa alisubiri mpaka mlango wa Sakhidad ufungwe.

"Lakini kaka, unadhani hakuwahi kuchungulia ndani ya mifuko yangu?"

Nilimwambia sijui.

Siku hizi Concessa anayatupa magazeti wazi. Bahasha anazichana kwanza, pale penye jina lake.