Pampu ya Baba Mkwe Iliyoharibu Posa Yangu

Jamani, mimi ni fundi umeme, na nilizima umeme kwenye posa yangu mwenyewe, mbele ya familia mbili zilizovaa zikapendeza. Chekeni kwanza, nitangoja.

Wiki moja kabla, baba yake mchumba wangu Claudine, mzee mpole wa mtaa wa Kabeza aliyekulia Bujumbura, aliniita nimtazamie pampu ya maji, kila ikiwashwa breka yake (swichi inayokata umeme ukizidi) inaruka. Tatizo nililijua: mota ikianza huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi, na breka ile haikuwa na subira. Ilitakiwa breka inayovumilia kidogo, halafu ovalodi (kifaa kinachoizima mota kabla haijaungua) ipimwe kwa nguvu ya mota yenyewe, na breka kuu ya nyumba ibaki ya mwisho kuruka. Lakini breka kama hiyo ilikuwa ya kununua mjini Muhima, na mimi nilikuwa na hamu ya kusifiwa (baba mkwe mtarajiwa, mnaelewa), basi nikafunga iliyokuwa mkobani, kubwa sawa na ile kuu, na ovalodi nikaizungusha mpaka mwisho ili isinisumbue. Pampu ikanguruma, mzee akanishika bega, nikajiona bingwa.

Siku ya posa wageni walijaa, maji yakatumika kweli kweli, pampu ikanasa tope, ikachemka kimyakimya mpaka nyaya zake zikagusana. Msemaji wetu alikuwa ananisifu, "Kijana wetu, umeme unamtii!" kipaza sauti kikakata, na nyumba nzima ikazimika.

Nikaenda kurudisha breka kuu, nguo ya sherehe ikiburutika. Ikaruka tena, na harufu ya kuungua ikawafikia wote.

"Hii pampu iko na fundi gani?" akauliza msemaji wao.

Mzee akainamisha macho. Alikuwa tayari kunificha, na hilo liliniuma kuliko aibu yenyewe.

"Ni mimi," nikasema.

Kazi ya msemaji wa upande wa binti ni kutafuta sababu za kukunyima mke, na kwa kawaida huzibuni kwa utani. Mimi nilimletea ya kweli.

"Sasa mtoto yetu akichoka kwako, utajua mapema, ama utangoja nyumba yote izime?"

Watu wakaangua kicheko. Claudine alikuwa bado ndani na shangazi zake, anasikia kila neno. Nikajibu kwamba nitajua mapema.

Nilipewa mke, na pampu mpya niliifunga inavyotakiwa. Ovalodi ya mtu sitaizungusha tena mpaka mwisho, hilo nimeapa. Lakini kiapo kigumu ni kile cha pili, cha kujua mapema: jioni nikimwona Claudine amenyamaza, naweka simu chini, nakaa karibu naye, namuuliza.