Siku Bonge Aliponyolewa

Juzi jirani yangu alianika zulia lake la manyoya lililonyeshewa mvua, akalitandaza ukutani chini ya dirisha langu la jikoni. Nilikuwa nakunywa chai. Jua lilipolichoma, harufu ikapanda: manyoya mabichi, jasho la mnyama, na chini yake kitu kitamukitamu, kama nyama iliyosahaulika kwenye mfuko. Chai niliimwaga, andazi nikawarushia kuku. Jirani akauliza, "Mama Rehema, mbona umenuna?" Ningemwambiaje kwamba nimemnusa Bonge?

Bonge alikuwa farasi. Msinicheke, Dar hii hii ina farasi. Sie tulikaa Kawe, na kazi ya baba ilikuwa kumtunza farasi wa tajiri mmoja aliyemkodisha kwenye harusi, ili bwana harusi aingie kwa wakwe akiwa juu ya mnyama na watu wapige vigelegele. Lakini wale farasi mnaowaona kwenye picha, wembamba wenye miguu mirefu, wasahauni. Bonge alikuwa mfupi, mpana kama kabati, shingo nene, kiuno hakuna. Aliachwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao kwenye baridi, na manyoya yake yalikuwa ya baridi hiyohiyo. Singa za shingoni zilimwangukia kulia na kushoto mpaka mabegani. Miguuni, kuanzia magotini, manyoya yalishuka yakafunika kwato, utadhani kavaa suruali za bugaluu, zile pana chini. Watu wakipita walisema, "Nywele hizo, mashallah!"

Walikuwa wanapita. Mie nilikuwa nakaa naye.

Banda lake liligusana na ukuta wa jiko letu, na kila siku nikitoka shule ilikuwa lazima nimsaidie baba kumchana. Jamani! Yale manyoya ya miguuni yalikuwa yanashika kila kitu anachokikanyaga, na Bonge hakuwa mchaguzi wa pa kukanyaga. Mavi yalikauka humo yakawa vidonge vigumu, unavichambua kimoja kimoja kwa vidole. Ukiinua singa za shingo unakutana na mba mweupe, mnene, wenye mafuta, unaoingia chini ya kucha na kukaa huko. Unanawa kwa sabuni ya mche, unanawa kwa majivu, ukikaa kula ugali unausikia uko palepale. Halafu alikuwaga na tabia ya kukupigia chafya shingoni. Shuleni wenzangu walinikwepa kwenye dawati. Nilimchukia yule mnyama kwa moyo wangu wote.

"Baba, huyu ananuka," nikasema siku moja.

"Farasi hanuki kama binadamu, ana harufu yake."

"Siyo hiyo ya kawaida. Kuna kitu kimeoza."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mtoto ana kinyaa huyu! Ataolewa na nani? Utamwogesha mwanao kwa kijiti?" Tangu hapo nikifungua mdomo kuhusu Bonge nilikuwa naitwa Bi Kinyaa, na habari inaishia hapo.

Basi ikaja harusi ya Tabata. Bwana harusi kavaa kanzu na joho, kapandishwa, ngoma zinalia. Bonge akaanza kutikisa kichwa. Akapiga miguu chini, akakimbilia gari la baba mkwe na kujikuna shingo kwenye kioo cha pembeni mpaka kikang'oka, na bwana harusi kamkumbatia shingoni analia "Mama!" Wazee wakasema farasi ana jini. Tajiri hakusema jini. Alikuja nyumbani, akasimama mbali na banda, akamwambia baba, "Kuna harusi moja tena. Ama aende akiwa amependeza na ametulia, ama namuuza akavute mkokoteni, na wewe utafute kazi nyingine." Baba alirudi ndani akakaa kitandani na viatu miguuni. Hakuwa na kazi nyingine anayoijua.

Hapo ndipo akaitwa Shangazi Zuhura, mdogo wake baba, msusi mwenye saluni yake Tabata. Maharusi walikuwa wanapanga foleni kwake. Na yeye mwenyewe alikuwa tangazo la kazi yake: leo wivingi la mawimbi, kesho wigi la kukata mashavuni, keshokutwa rasta mpaka kiunoni. Kichwa chake cha Mungu hatujawahi kukiona. Akilala kwetu alijifunga kilemba cha kubana, na ole wako umguse. Alinukia manukato hatua kumi kabla hajafika. Ila akinikumbatia, chini ya yale manukato pua yangu ilikuwa inakutana na kitu. Kitamukitamu. Nilijiambia ni Bonge amenikaa puani, maana siku zile nilimsikia hata kwenye maandazi.

Shangazi alimzunguka Bonge akiwa kashika kiuno. "Kaka, huyu nywele zimejisokota hizi. Dawa tu. Nikimwekea dawa zinalala, zinang'aa, atakuwa kama bibi harusi mwenyewe." Na kweli akafungua kopo, dawa ileile ya kunyooshea nywele za wanawake. Akavaa glavu, akaanza kumpaka kwa kitana, mstari kwa mstari, toka masikioni kushuka. Baba alishika kamba. Mie nilishika ndoo ya maji na pua yangu.

Bonge alisimama kwanza. Kisha ngozi yake ikaanza kucheza, kama vile inzi wanaitembelea kwa ndani. Akafumba macho. Akanguruma sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mnyama.

"Zuhura, inamchoma!" baba akasema.

"Inachoma kidogo tu, kaka. Hata sie inatuchoma. Mtu unavumilia." Na akaendelea kupaka.

Basi Bonge akainuka juu. Ndoo ikaruka, kopo likaruka, shangazi akakaa kwenye mavi na sketi yake ya kitambaa cha harusi. Baba alipiga kelele niwahi maji. Nikamwaga, nikachota, nikamwaga. Na singa zikaanza kutoka, mafungu mafungu, zikidondoka na ngozi yake. Chini yake, wasomaji wangu, samahanini kama mnakula. Pale singa zilipogandamana, pasipopenya kitana, shingo nzima ilikuwa vidonda. Usaha wa siku nyingi, magamba ya njano, utitiri unaotembea, na karibu na bega tundu lenye funza wanaochezacheza kama wali unaochemka. Ile harufu niliyoisema kila siku ikatoka yote kwa pamoja. Nilitapika palepale, kwenye viatu vya baba.

Baba hakunigombeza. Alitazama ile shingo, akasema, "Kumbe alikuwa anawashwa. Sie tunasema jini, kumbe anawashwa."

Akaenda kwa Saidi kinyozi, jirani yetu wa pili, akaazima mashine ya kunyolea na mkasi. Alimnyoa Bonge shingo yote, toka masikioni mpaka mgongoni, akashuka kwenye bugaluu zake akazikata zote. Chini ya manyoya ya kila mguu kulikuwa na nyufa zinazovuja. Rundo la manyoya lilijaa kiroba, tukalichoma moto, na moshi wake ukawatoa majirani nje wakitutukana. Mashine Saidi alikataa kuipokea tena. Aliwaapia wateja wake kwamba haijarudi kwenye duka lake, lakini Ijumaa ile hakupata hata mtu mmoja wa kumnyoa.

Daktari wa mifugo alileta dawa ya kupaka, akasema nywele nyingi namna ile kwenye joto letu la jasho ni kama kumvisha mtu blanketi bichi na kulifunga. Kazi ya kupaka niligawiwa mie. Nilipaka nimeuma meno, nimejifunga kanga puani, namtukana Bonge kimoyomoyo. Yeye alikuwa ananiachia shingo yote, mdomo wa chini umening'inia, anasinzia.

Wiki kadhaa zikapita, na siku ya harusi tajiri alikuja ameshajiandaa kugomba. Akamkuta Bonge hana singa hata moja, shingo tupu, nene, imekaza inang'aa kwa mafuta ya nazi, vidonda vimekauka. Alizunguka mara mbili. "Kumbe ana shingo ya kiume hivi," akasema, basi. Bwana harusi alipandishwa, ngoma zikalia, na Bonge akatembea mpaka kwa wakwe ametulia kuliko bwana harusi. Baba alibaki na kazi yake mpaka alipozeeka.

Shangazi Zuhura hakuja harusini. Alikuja siku za baadaye, mchana, saluni yake kaiacha imefungwa. Hakukaa sebuleni. Alivuta kigoda uani, karibu na banda, akamwambia baba, "Kaka, ninyoe." Baba akadhani anatania. "Ninyoe. Ila mashine ya Bonge sitaki."

Baba akaleta mkasi wake wa ndevu. Shangazi akavua wigi, akaliweka mapajani.

Ile harufu ilinifikia kabla sijaona. Nilikimbilia ukutani nikatapika, na nikasikia anacheka huku analia: "Tapika, mwanangu. Pua yako ndiyo peke yake haijanidanganya." Kuanzia juu ya paji la uso mpaka katikati ya utosi hakukuwa na nywele. Palipobaki nywele palikuwa pamelowa, pana magamba ya njano. Baba alikata taratibu, anapuliza kila kipande alichokinyoa.

Nilikuwa mtoto, nilichokiona mie ni uchafu tu, na nilichukia kwamba nitaambiwa nipake na pale dawa. Na kweli niliambiwa, na nilipaka, na kinyaa hakikuisha hata siku moja. Ni baadaye sana, mie mwenyewe nimekaa kwenye kiti cha saluni nimepakwa dawa, msusi akaniuliza kama inachoma, nami nikafungua mdomo nimjibu kama wanawake wote wanavyojibu. Nikamkumbuka shangazi na kitana chake, Bonge amefumba macho. "Inachoma kidogo tu. Mtu unavumilia." Shangazi alikuwa anajipaka kichwani dawa ileile, kwenye vidonda vilevile, miaka yote. Na hakuwa na miguu ya kupiga ndoo teke.

Nikamwambia msusi anioshe.