Wenye Maji wa Nyabarongo

Nilipokuwa mtoto, nyogokuru, yaani bibi mzaa mama, ndiye aliyenieleza kwamba mto Nyabarongo una wenyewe. Wenyewe hao ni konokono na viluwiluwi. Tuliishi wawili tu, bondeni pembeni mwa Kigali. Kabla ya kuchota, aliinua bua la mafunjo na kusema, “Hodi.” Akikuta konokono wameling'ang'ania, alichota. Rangi haikumwambia kitu, kwa sababu maji yale ni ya kahawia karibu mwaka mzima.

Kiangazi kimoja maji ya ukingoni yakatakata hadi mchanga ukaonekana. Wanawake wakafurahi. Nyogokuru akainua bua, akainua jingine. Hapakuwa na kitu.

“Wenye maji wamehama,” alisema. “Mwenye nyumba akihama, usiingie kupika.”

“Kwani huyo konokono amekuaga, bibi mukecuru?” Mama Diane aliuliza, wote wakacheka. Diane, rafiki yangu pekee, alicheka pia, akanywa kwa kiganja. Nyogokuru akamwaga jerikani yangu. Tukapanda mlima kwenda kwenye chemchemi, mimi nyuma sana, nisionekane kuwa naye.

Baadaye Diane akaharisha vibaya, na watoto wengine vilevile. Nilidhani sasa watamsikiliza nyogokuru. Badala yake Mama Diane akasema, “Aliyejua mapema ndiye aliyetia sumu.” Diane akapona, lakini akakatazwa kunisalimu. Hakuna aliyebisha tena mlangoni kwetu.

Jioni moja nilimkuta nyogokuru amekaa mlangoni akitazama njia tupu.

“Unamngoja nani?”

“Simngoji mtu. Natazama tu, mwana wanjye.”

Leo nina binti, naishi Kagarama, jijini Kigali, na maji natoa bombani. Juzi nilisikia redioni kwamba wataalamu hutazama konokono na wadudu wa mtoni wapate kujua hali ya maji. Nilitamani kumwambia mtu. Wa kumwambia hayupo.

Ila najua kwamba jioni ile mlangoni ndipo nilipoacha kumwonea haya. Asubuhi iliyofuata alishuka kutazama kama wenye maji wamerudi. Wanawake walikuwa wakifua, Diane akiwa kati yao. Nilitembea ubavuni mwa nyogokuru hadi ukingoni, nikainua bua kwa mkono wangu, nikasema hodi kwa sauti ambayo wote waliisikia.