Roboti Aliyefufuka Darasani

Nakiri nilimwonea wivu Hussein, mwalimu mwenzangu hapa shule ya Iftin, kaskazini mashariki. Kila mapumziko wanafunzi walimzonga kama nyuki, akiwasimulia kitabu chake cha zamani cha katuni za Kijapani: maroboti yanayogeuka malori na kupigana vita. Mimi, niliyetoka Nyeri na digrii yangu, nilikunywa chai peke yangu.

Juzi alikisahau mezani. Kijapani sikijui, lakini picha ni picha. Nikazipitia zote, kisha nikaingia darasani kifua mbele kusimulia vizuri kuliko yeye. Nikaeleza jinsi vyuma chakavu vilivyoinuka vikawa roboti, risasi zikamtoka kifuani zikarudi kwenye mizinga ya adui, naye akageuka lori akaenda zake nyumbani. Nikawahubiria hata ufufuo.

Kumbe Hussein alikuwa amesimama mlangoni.

"Bole, mwalimu," akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali isiyo na 'p'. "Umeanzia mwisho. Hicho kinafunguliwa kutoka kulia, kama vitabu vya duksi."

Darasa zima lilikuwa limeinamia madawati, mabega yakitikisika. Wote wamesoma Kurani duksi, madrasa ya huku, tangu utotoni. Asiyejua kufungua kitabu mle ndani alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeshika chaki.